Mmea unaofanana na gugu karoti umeota kiwanjani kwetu Kibamba: tuutambueje, na tuuondoeje bila kuusambaza?

Bustani ya Kibamba (mleta mada)

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mimea na kilimo. Familia yetu ina eneo nyuma ya nyumba huku Kibamba, ambapo tunalima bamia, nyanya chungu na matembele kwa ajili ya kula na kuuza kidogo mtaani. Kabla ya mvua za vuli tuliletewa tripu ya samadi iliyochanganyika na mabaki ya nyasi kavu za kulishia ng'ombe, na dereva aliyeileta alitueleza kwamba mzigo umetoka kwa wafugaji wa kaskazini. Mvua zilipoanza, kando ya lundo lile pakaota mmea ambao hakuna mtu mtaani kwetu anayeutambua kwa uhakika. Majani yake yamechanika kama ya karoti, rangi yake ni kijani iliyopauka, na ukiyapapasa unahisi vinyweleo. Mingi bado imelala chini, lakini michache imerefuka kufikia magoti na imeanza kutoa maua meupe madogo sana.

Jirani mmoja anasema hilo ni gugu karoti, lile ambalo wakulima wa Arusha wamekuwa wakilalamikia kwa miaka mingi. Jirani mwingine anasisitiza kwamba ni kishona nguo tu, tena anatushauri tulifyeke na kuendelea na shughuli zetu.

Kinachonitia wasiwasi ni mahali tulipo. Nyuma ya uzio wetu kuna korongo linaloteremsha maji ya mvua kuelekea Mto Mpiji, na bondeni wapo vijana wanaoendesha maisha yao kwa kulima mboga. Kama kweli hili ni gugu vamizi, sipendi hata kidogo mbegu zipitie kwetu kwenda kuharibu mashamba ya watu wengine. Kwa hiyo ninaomba kuelezwa namna ya kulitambua bila kubahatisha, namna ya kuliondoa likiwa tayari lina maua, na ofisi ambayo mwananchi wa kawaida anapaswa kuipa taarifa. Jirani yetu anafuga mbuzi, naye ameomba aruhusiwe kuwaleta wale. Tumemwomba asubiri kwanza.

Nawasilisha.

Mgani Mstaafu

Ndugu mleta mada, salaam. Nimeitumikia idara ya ugani maisha yangu yote ya kazi, na swali lako ni la maana kuliko unavyoweza kudhani, kwa sababu gugu hili huzuilika likiwa kwenye lundo moja la samadi. Likishafika bondeni, hakuna mtu mmoja anayeweza kulirudisha.

Katika kulitambua, nashauri uanze na shina, kwani majani huwachanganya watu wengi. Yapo maua ya bustani, kosmosi ikiwemo, ambayo nayo yana majani yaliyochanika. Shina la gugu karoti lina mifereji iliyonyooka kutoka chini kwenda juu, ambayo unaihisi ukipitisha kidole kilichovaa glovu. Hugumuka kadiri mmea unavyokomaa, na hutawanya matawi mengi kuelekea kileleni. Mmea ukiwa mchanga hauna shina la kuonekana. Majani hutoka kwenye kitovu kimoja na kulala chini kwa duara, yakiibana ardhi kiasi kwamba nyasi zilizo chini yake hukosa mwanga na kufa. Mimea yako iliyolala, kwa maelezo uliyotoa, iko katika hatua hiyo.

Kisha tazama ua kwa karibu sana. Piga picha kwa simu halafu uikuze. Kichwa kimoja cha ua la gugu karoti kina upana wa milimita tano hivi au pungufu, rangi yake ni nyeupe ya maziwa, na pembezoni mwake zipo ncha ndogo tano ambazo hukifanya kionekane kuwa na pembe tano. Sasa linganisha na kishona nguo. Kishona nguo kina shina lenye pembe nne, majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana na kila moja limegawanyika katika vipande vitatu hadi vitano vyenye kingo za msumeno, katikati ya ua lake ni njano, na mbegu zake ni nyeusi, ndefu, zenye vijino vinavyong'ang'ania nguo. Gugu karoti halishiki nguo kwa namna hiyo, na majani ya kwenye shina lake hupishana, moja upande huu na jingine upande ule. Mtu aliyeishika mimea hii miwili mkononi kwa wakati mmoja hawezi tena kuichanganya.

Kuhusu historia yake kwa ufupi: asili yake ni Amerika ya kitropiki, pande za Ghuba ya Mexico. India ilianza kusumbuliwa nalo katika miaka ya 1950, Australia nayo inalifahamu vizuri, na wenzetu wa Ethiopia wamepoteza malisho mengi kwa ajili yake. Hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mche ulioota leo unaweza kuwa na ua baada ya wiki nne hadi sita endapo unyevu upo. Pwani yetu haina baridi ya kuuzuia, kwa hiyo usitegemee msimu wowote kukusaidia.

Sasa tuje kwenye kuondoa, na hapa naomba unisome kwa utulivu. Mimea yenye maua ndiyo ya kushughulikia kwanza, leo au kesho, kabla mbegu hazijakomaa na kudondoka. Subiri udongo uwe na unyevu, vaa glovu, shati la mikono mirefu, gambuti na barakoa. Tandika salfeti karibu na mmea, kata vichwa vya maua polepole viangukie ndani ya salfeti, ndipo uung'oe mmea wote pamoja na mzizi. Ukiacha kitovu ardhini utachipua tena. Salfeti moja haitoshi, kwa kuwa mbegu zina urefu wa milimita mbili hivi tu na zinaweza kupenya penye nyuzi zilizolegea. Weka salfeti mbili, moja ndani ya nyingine, funga mdomo kwa kamba, uanike juani juu ya sakafu ya saruji chini ya nailoni nyeusi hadi kila kitu kilichomo kioze kabisa. Usiutupe mzigo huo kwenye dampo la mtaa wala kumpa kijana wa mkokoteni akautupe asikokujua mtu. Ile michanga ambayo haijatoa ua ni rahisi zaidi: ing'oe, igeuze mizizi juu kwenye jua kali, na ikishakufa unaweza kuifanya mboji.

Usifyeke. Ushauri wa jirani yako una nia njema, lakini fyekeo hurusha mbegu kila upande na kuacha kitovu kichipue. Vilevile usilime kwa jembe eneo lile kwa sasa. Mbegu za gugu karoti zilizobaki juu ya ardhi huishiwa uhai upesi, ilhali zile zilizofukiwa sentimita chache huweza kudumu miaka kadhaa zikisubiri siku jembe litakapozirudisha juu. Mkulima mwenye bidii ya kulima ndiye mara nyingi anayejiwekea akiba ya gugu bila kujua.

Lundo lenyewe la samadi ndilo chanzo. Lilowanishe, lifunike lote kwa nailoni nyeusi, ukandamize kingo zake kwa mawe, na uliache lipate joto. Usilitumie bustanini mpaka hapo, na usimgawie mtu. Upande unaotazamana na korongo, chimba mtaro mdogo wa kukinga maji ili mvua isisombe kitu chochote kutoka kwenye lundo kwenda bondeni. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kung'oa.

Kuhusu taarifa, anza na afisa ugani wa kata yako na ofisi ya serikali ya mtaa. Chombo chenye dhamana kitaifa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA kwa kifupi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Makao yake makuu yako Arusha, lakini ina wakaguzi pia hapa Dar es Salaam. Kwa utambuzi wa kitaalamu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kina hebaria katika Idara ya Botania, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, na wataalamu wake huweza kuthibitisha jina la mmea.

Mfugaji wa Chanika

Mzee wangu Mgani Mstaafu, shikamoo. Umeeleza vizuri sana. Mimi ninafuga Chanika lakini nimekulia Arumeru, na ningependa kuongezea upande wa afya na mifugo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia kimya kimya.

Gugu hili huwasha. Wapo wanaoligusa leo wasipate lolote, kisha baada ya kuligusa mara kwa mara miili yao ikaanza kulikataa: ngozi ya mikono na shingo inakuwa nyekundu, inavimba na kupasuka, na wengine hupata mafua yasiyokoma au pumu kwa sababu ya chavua. Mtu mwenye pumu asishiriki kabisa katika kazi ya kung'oa. Watoto wasitumwe. Nimeona mashambani watu wakiwaita watoto wa shule waje kung'oa kwa malipo ya daftari na kalamu, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka.

Mbuzi wa jirani wasiletwe. Mnyama akilazimika kula gugu hili kwa wingi hudhurika mdomoni na tumboni, na ng'ombe wa maziwa hutoa maziwa machungu ambayo hakuna mteja atakayeyanunua mara ya pili. Isitoshe, mbegu hunasa kwenye kwato na manyoya, kwa hiyo mbuzi akitoka hapo atazipeleka kila anakopita.

Dada mleta mada (nisamehe kama wewe ni kaka), umegusa jambo ambalo wengi hawalizungumzi, nalo ni safari ya samadi na nyasi. Sisi wafugaji wa mjini tunanunua marobota ya nyasi kiangazi bila kuuliza yamekatwa wapi. Mchanga, kifusi na udongo wa bustani navyo husafirishwa kwa malori yaleyale ambayo jana yalikuwa kwenye machimbo ya mkoa mwingine, na matope ya kwenye matairi huanguka popote gari linaposhusha mzigo. Tangu nihamie huku nimejiwekea utaratibu: nyasi zote zinashushwa mahali pamoja penye sakafu ya saruji, na kila kinachoota pembeni mwa sakafu hiyo nakikagua kabla hakijatoa ua. Ukaguzi huo hauna gharama yoyote. Ninyi mna bahati kwamba mmeliona likiwa bado kando ya lundo.

Kijana wa Goba

Nawashukuru wote kwa elimu, ila naomba kutofautiana kidogo. Kwa nini familia ihangaike na salfeti na barakoa ilhali maduka ya pembejeo yanauza viuagugu vinavyomaliza kazi kwa siku chache? Dawa yenye glaifoseti ingetosha. Na kwa asiye na fedha, wapo wanaomwaga maji ya chumvi, na majani hukauka kweli.

Mgani Mstaafu

Kijana wangu, hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa uzito wake. Viuagugu vina nafasi yake, hasa kwenye maeneo makubwa kama kando ya barabara, na glaifoseti huua gugu karoti vizuri likiwa bado changa, majani yakiwa yamelala chini. Tatizo ni kwamba mimea inayotutisha hapa imeshatoa ua. Ukiinyunyizia sasa, mmea unaweza kufa huku mbegu zake zikiendelea kukomaa kwenye matawi makavu, na mwenye shamba akaridhika akidhani kazi imekwisha. Glaifoseti pia haichagui. Itaua matembele na bamia zilizo jirani, pamoja na nyasi ambazo tunazihitaji ziishike ardhi. Tena pale pana korongo linalopeleka maji kwa watu wanaolima mboga za kuliwa na jiji hili. Kwa eneo dogo kama hilo sioni sababu ya dawa. Atakayelazimika kuitumia mahali pengine anunue iliyosajiliwa, asome lebo, apime kipimo kilichoandikwa na asinyunyize wakati wa upepo wala mvua ikiwa imekaribia.

Chumvi naikataa moja kwa moja. Hukausha majani unayoyaona, lakini hubaki kwenye udongo na kuudhoofisha, nawe ukija kupanda mchicha mahali hapo hautaota.

Wengine watauliza kuhusu wadudu. Yupo mbawakawa mdogo aitwaye Zygogramma bicolorata, asili yake Mexico, ambaye hula majani ya gugu karoti. India ilimwachilia katika miaka ya 1980, na Ethiopia ikafuata mwaka 2016. Lakini kuingiza mdudu wa kigeni nchini ni kazi ya taasisi za utafiti chini ya vibali na majaribio marefu, si jambo la mtu binafsi kuagiza. Kinachowezekana kwa mwananchi ni kuziba nafasi. Gugu hili hupenda ardhi iliyo wazi, iliyochokonolewa au iliyochungiwa kupita kiasi. Penye kivuli cha mimea iliyosongamana huota kwa shida. Baada ya kung'oa, acha ukoka uenee, au panda kunde na viazi vitamu vifunike ardhi haraka. Kisha pitia eneo hilo kila baada ya wiki tatu hivi, vuli na masika, kwa miaka kadhaa, kwa sababu mbegu zilizobaki hazitaota zote kwa mkupuo mmoja.

Mkazi wa Mbezi Juu

Ningependa kuongeza jambo dogo ambalo halitoki nje ya mada. Tunaposema mimea vamizi, tusilitazame gugu karoti peke yake kwa kuwa limetoka mbali. Lusina imejaa kwenye viwanja visivyoendelezwa na kandokando ya mabonde ya jiji letu, nayo ilipandwa kwa nia njema kabisa kama kuni na malisho. Ukiikata inachipua kwa nguvu zaidi, na mbegu zake zenye ganda gumu hukaa ardhini miaka mingi. Anayeijenga kama uzio anapaswa kuikata kila mara kabla maganda hayajakomaa, na anayetaka kuiondoa ang'oe miche ingali midogo, kwani kisiki cha lusina kikishakuwa kinene kitahitaji kuchimbuliwa.

Vivyo hivyo kwa gugumaji. Baadhi ya watu huliweka kwenye mabwawa ya mapambo nyumbani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Hilo ndilo gugu lililoziba ghuba za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, likawazuia wavuvi kutoka na mitumbwi yao, hadi mbawakawa wanaolishambulia walipoletwa kulipunguza. Bwawa la mapambo likifurika wakati wa masika, maji yake yataishia mtoni. Naomba wanaouza maua kandokando ya barabara waliache kabisa, na sisi wanunuzi tusiliulizie.

Bustani ya Kibamba (mleta mada)

Mzee Mgani Mstaafu, shikamoo, na wote mliochangia nawashukuru kwa dhati.

Leo asubuhi tumekagua kwa kufuata maelezo yenu. Mimea iliyoko kando ya uzio ni kishona nguo, kwa hiyo jirani yetu wa pili hakukosea kabisa: shina lina pembe nne na mbegu nyeusi zimeganda kwenye suruali za vijana wetu. Ile iliyoota kuzunguka lundo ni tofauti. Shina lina mifereji, majani ya juu yanapishana, na picha ya ua tulipoikuza tumeziona ncha tano waziwazi. Lundo tumelifunika, mtaro umechimbwa, na mimea yote yenye maua imeingia kwenye salfeti mbili mbili kabla ya adhuhuri. Jirani mwenye mbuzi amesoma majibu haya yeye mwenyewe, akaja kutusaidia kuchimba mtaro.

Afisa ugani wa kata amepokea taarifa kwa simu na ameahidi kufika. Mjumbe wetu naye amekubali kuzungumza na kaya zinazopakana na korongo, kwa kuwa tumebaini kwamba dereva yuleyule alishusha samadi kwenye nyumba nyingine mbili mtaani kwetu, na huko hakuna aliyekagua bado.

Nimebakiwa na swali moja. Ninataka kupeleka sampuli Mlimani kwa uthibitisho. Nitaibebaje kwenye daladala bila kudondosha mbegu njiani?

Mgani Mstaafu

Marahaba. Kwanza mwulize afisa ugani wako kama atapenda kuichukua yeye, kwani si vizuri mmea wa namna hii kusafirishwa bila ofisi husika kufahamu. Akikuruhusu, chagua mmea mmoja wenye mzizi, majani ya chini, shina na maua ambayo ndiyo kwanza yanafunguka, si yaliyokomaa. Ulaze katikati ya kurasa za gazeti, ukunje shina kwa umbo la herufi V kama ni refu, kisha ugandamize kwa vitabu vizito na kubadilisha gazeti kila siku hadi ukauke. Gazeti lote liingie kwenye bahasha kubwa ya khaki iliyofungwa kwa gundi kingo zote, na bahasha hiyo iingie kwenye chombo chenye kifuniko. Juu ya bahasha andika tarehe, mtaa na kata, mahali mmea ulipoota, rangi ya ua lilipokuwa bichi, maana rangi hubadilika likikauka, na maelezo kwamba uliota kwenye samadi iliyoletwa kutoka kaskazini.

Zile nyumba mbili zisisubiri majibu ya Mlimani. Mjumbe aende leo na nailoni nyeusi.